Tetesi za Kununuana

Hapa Kilwa Masoko kila mtu wa barazani ana jambo lake la kufuatilia. Wengi wana Simba na Yanga. Yuko mzee mmoja, jirani yangu, anafuatilia mnada wa ufuta tangu msimu unapofunguliwa mpaka unapofungwa. Hata mwaka ambao hakulima hata kishamba kimoja atakwambia juzi Lindi wameuza kwa shilingi ngapi na Nachingwea kwa ngapi. Mimi ninafuatilia kampuni zinazotengeneza programu za kuhariri video. Nani anataka kumnunua nani, nani ameulizwa akakanusha, nani amekwisha kununuliwa na sasa anajifanya kwamba hakuna kilichobadilika. Wenzangu wananicheka, na wana haki. Sina hisa hata moja katika kampuni hizo, sijapata kufika Marekani, na mwalimu mstaafu wa shule ya msingi hatazamiwi kujua habari za Burlington au San Jose. Lakini nimekwisha kuzoea kwamba maneno yanapokosekana barazani mtu atanigeukia na kusema, "Haya Mwalimu, leo nani kamnunua nani?"

Nataka kueleza jinsi nilivyofika hapo, maana haikuwa kwa kupenda mambo ya fedha.

Nilianza kazi ya video mwaka 1994. Ndugu yangu mmoja aliyekuwa akiishi Maskati alikuja likizo na kamera, na alipoondoka akaniachia. Jumatatu mpaka Ijumaa nilikuwa darasani. Jumamosi na Jumapili nilikuwa harusini. Nilipiga harusi, maulidi na sherehe za watoto waliotoka jandoni, Masoko, Kivinje, Tingi, Somanga, na mara nyingine niliitwa hadi Lindi mjini. Kamera ilisafiri mapajani mwangu kwenye mabasi na malori, na safari moja ya kwenda Songo Songo kwa mashua niliifunga kwa mifuko mitatu ya plastiki nikaikumbatia kama mtoto mchanga, nikatapika upande wa pili.

Kuhariri wakati ule kulikuwa ni kazi ya deki mbili na televisheni moja. Deki hii inacheza, ile inarekodi. Unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja na kuomba Mungu. Ukikosea katikati unarudia. Kila nakala ilikuwa hafifu kuliko mama yake, na umeme wetu ulikuwa wa majenereta ya dizeli, ambayo yalikuwa na desturi ya kuzimika bibi harusi anapofunuliwa uso. Hata hivyo kazi ile ilikuwa na jambo moja ambalo sikulithamini: mkanda ulikuwa mkanda. Ukiwa na deki yoyote, iliyotengenezwa na kampuni yoyote, iwe hai au imekufa, mkanda utacheza.

Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa kwenye mto Rufiji, tukawa tunakwenda Dar es Salaam bila kusubiri pantoni pale Ndundu. Barabara yenyewe kati ya Ndundu na Somanga ilikuwa bado ni tope la kutisha wakati wa masika, lakini nilikwenda, na nikarudi na kompyuta kutoka Kariakoo. Ndani yake fundi aliweka kadi ya kunasia picha kutoka kwenye kamera, na pamoja na kadi, katika boksi lile lile, ikaja programu ya kuhariri. Sitaitaja jina. Waliotengeneza hawakunikosea kwa makusudi, na sijui kama kulikuwa na mtu miongoni mwao aliyejua kwamba Kilwa ipo.

Furaha niliyoipata siwezi kuieleza vizuri. Nilikuwa kama karani aliyeandika miaka yote kwa taipureta, kosa moja karatasi nzima inatupwa, halafu akaonyeshwa kwamba maneno yanaweza kusogezwa. Nilihariri usiku mpaka mke wangu akawa ananiletea chai bila kusema neno, jambo ambalo kwa anayemfahamu lilikuwa ni onyo kubwa.

Lakini yako mambo mawili niliyochelewa kuyaelewa, nami nitayaeleza, kwa sababu habari yote ya baadaye imesimama juu yake. La kwanza, kile ambacho programu inakiita mradi hakina picha ndani yake. Ni orodha ya maagizo tu: chukua kipande hiki tangu hapa mpaka pale, kisha kile, punguza sauti, weka jina la bwana harusi kwa maandishi ya dhahabu. Orodha hiyo inasomwa na programu iliyoiandika, na kwa kawaida haisomwi na nyingine. La pili, kadi yangu ilikuwa inazibana picha kwa namna yake yenyewe, ili zisijaze diski, na namna hiyo ilikuwa siri ya mwenye kadi. Kwa hiyo kazi yangu yote ilikuwa imewekwa katika sanduku langu, nyumbani kwangu, lakini ufunguo ulikuwa wa mtu mwingine, nami nilikuwa naazimwa.

Baada ya miaka michache kampuni ile ikanunuliwa. Nilisoma habari hiyo katika duka la intaneti pale Lindi. Taarifa ilikuwa ya furaha tupu: wanunuzi wamefurahi, waliouza wamefurahi, na wateja watafurahi zaidi. Ikapita mwaka. Programu haikutolewa toleo jipya. Ukapita mwingine, ikaondolewa katika orodha ya bidhaa, na wateja tukashauriwa kuhamia kwenye bidhaa nyingine ya mnunuzi, ambayo haikuweza kufungua miradi yetu. Halafu umeme wa Kilwa ukapanda na kushuka usiku mmoja kama ulivyopenda kufanya, ukaondoka na kompyuta pamoja na kadi. Diski zilipona. Nilinunua kompyuta mpya na programu nyingine, na diski za zamani nikaziweka katika ndoo ya rangi yenye mfuniko, pamoja na mkaa niliofunga katika kitambaa ili unyonye unyevu wa bahari. Zilikuwa diski nne. Ndani yake kulikuwa na Kilwa ya miaka kadhaa, na hakuna aliyeweza kuiona.

Tangu hapo nikawa mtu wa tetesi. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Kila niliposikia kwamba kampuni ya programu ninayoitumia, au ya jirani yake, inanyemelewa, nilikuwa nakosa usingizi. Nikajifunza nasaba zao kama watu wa Kivinje wanavyojua nasaba za nyumba za mawe, ilijengwa na nani, ikauzwa kwa nani, na nani hakulipwa.

Nasaba zenyewe ni za kushangaza. Premiere, inayojulikana kama mali ya Adobe, haikuzaliwa kwa Adobe. Ilianzishwa ndani ya kampuni iitwayo SuperMac, Adobe wakainunua, na mwaka 1991 wakaitoa kwa jina hilo. Aliyetengeneza matoleo yake ya kwanza, Randy Ubillos, baadaye akaenda kwa Macromedia kutengeneza programu ya kushindana nayo. Macromedia wakaiuza kwa Apple mwaka 1998, na Apple wakaitoa mwaka uliofuata kwa jina la Final Cut Pro. Mtu mmoja, wapinzani wawili. Vegas ilikuwa ya Sonic Foundry, kampuni ya Wisconsin. Mwaka 2003 ikauzwa kwa Sony, na mwaka 2016 Sony wakaiuza kwa Magix wa Ujerumani. Ulead wa Taiwan wakaingia kwa InterVideo, na mwaka 2006 InterVideo wakamezwa na Corel wa Kanada. Samaki alikuwa bado hajameng'enywa vizuri ndani ya samaki mwingine, akaja wa tatu. Pinnacle ilinunuliwa na Avid mwaka 2005, kisha mwaka 2012 sehemu yake ya watu wa kawaida, wapiga harusi kama mimi, ikauzwa kwa Corel hao hao. Na mwaka 2019 Corel nao wakanunuliwa na KKR, ambao si watengenezaji wa programu hata kidogo. Ni wakusanyaji wa fedha.

Lazima niwe mkweli: si kila anayenunuliwa hufa. Edius ilitengenezwa na Canopus, kampuni ya Kobe huko Japani. Mwishoni mwa mwaka 2005 Thomson wa Ufaransa walitangaza kuinunua na kuiweka chini ya Grass Valley. Kisha Grass Valley yenyewe ikaenda kwa wenye fedha walioitwa Francisco Partners, mwaka 2014 ikaenda kwa Belden, watengeneza nyaya, na mwaka 2020 kwa Black Dragon Capital. Mikono mitano katika miaka kumi na mitano, na muda wote huo programu ikaendelea kutoka, na waliohariri nayo wakaendelea kulipwa. Kama ningekuwa mcheza kamari ningesema ilikwisha kufa pale kwenye mkono wa pili. Ndiyo maana sijapata kuweka hata shilingi juu ya utabiri wangu.

Kuhusu tetesi zenyewe, wahenga wanasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nimefuatilia miaka mingi, na sikubaliani nao. Mengi yasemwayo hayapo wala hayaji. Mwezi Oktoba 2010 gazeti la New York Times liliandika kwamba mkuu wa Microsoft, Steve Ballmer, amekutana faraghani na mkuu wa Adobe, Shantanu Narayen, na kwamba katika mazungumzo yao suala la Microsoft kuinunua Adobe liliguswa. Siku hiyo hiyo hisa za Adobe zikaruka kwa zaidi ya asilimia kumi. Fikiri, msomaji: watu wawili wameketi chumbani, na kabla hawajaandikiana hata karatasi, mtu mwingine aliyekuwa na hisa amekwenda kulala akiwa tajiri zaidi. Hapakununuliwa kitu. Aliyeuza hisa zake baada ya habari ile alikula fedha za maneno matupu, na aliyezinunua kwa bei ile alikaa na maneno.

Nilipomweleza hilo jirani yangu wa ufuta alifikiri kwa muda, akasema, "Hawa ni madalali tu, Mwalimu. Na sisi tunao."

Ni kweli tunao, na huku Lindi tumewahi kuona kwa macho jinsi habari ya kununuana kwa wakubwa inavyofika mpaka kwenye kiwanja cha mtu. Gesi ilipogunduliwa katika kina kirefu cha bahari yetu, kampuni ya Uingereza iitwayo BG ilikuwa mmoja wa wenye vitalu, na ikasemwa kwamba kiwanda cha kuisindika gesi kitajengwa Likong'o, karibu na Lindi mjini. Mwezi Aprili 2015 Shell wakatangaza kuinunua BG, na Februari 2016 wakaimaliza kazi hiyo. Nakumbuka nilipanda bodaboda Lindi wakati ule, na kijana aliyenibeba akaniuliza, upepo ukimkata maneno, "Mzee, eti wamenunuana? Sasa hawa wapya watajenga au hawajengi?" Alikuwa amenunua kiwanja kwa mkopo. Nilimwambia sijui. Hakuna aliyejua, na aliyenunua BG hakuinunua kwa ajili ya Likong'o peke yake. Alikuwa na ya Brazil na ya Australia ya kuyafikiria kwanza.

Kununuana si jambo geni kwetu. Ng'ambo ya maji kutoka hapa ninapoandika kuna kisiwa ambacho, kwa masimulizi ya kale ya Kilwa, kilinunuliwa kwa nguo. Ali bin Hassan alifika kutoka Shirazi, akamkuta mfalme wa huku bara ndiye mwenye Kisiwani, akaomba amuuzie. Bei ikawa ni nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Zikatandazwa, mfalme akazikusanya akaondoka nazo. Watalii wakisimuliwa hufurahia hapo, wakapiga picha ya Msikiti Mkuu, wakaenda zao. Mimi hupenda zaidi kilichofuata. Yule mfalme alijuta, akakusudia kurudi kukitwaa kisiwa, kwa maana maji yakipwa watu walikuwa wanavuka kwa miguu. Lakini mnunuzi alikwisha kuuchimba mkondo, na maji hayakupwa tena kiasi cha kuvukika. Masimulizi hayasemi waliokuwa wakiishi kisiwani siku zile nguo zinatandazwa walifikiri nini. Walikuwa nusu ya bei, kama sisi wateja wa programu.

Basi, mwezi Mei 2023 mpwa wangu alinipigia simu kutoka Dar es Salaam. Yeye ni mhariri hasa, wa vipindi vya televisheni na matangazo, si wa harusi. Hata salamu hakumaliza.

"Shikamoo mjomba. Umeona? Avid inauzwa!"

Nilikuwa nimeona. Habari zilikuwa zimeandikwa kwamba Avid inatafuta mnunuzi. Kwa asiyeijua, Avid ni kampuni iliyoanzishwa Massachusetts mwaka 1987, na kwa miongo mingi filamu nyingi za Hollywood zimekatwa kwa mashine zake. Mimi sijapata kuitumia. Bei yake si ya Kilwa. Lakini tulizungumza mpaka salio lake likaisha, nikampigia mimi mpaka langu likaisha. Atachukua nani? Mpwa wangu alisema Adobe, nikamwambia serikali hazitakubali. (Mwaka huo huo, mwezi Desemba, Adobe waliacha mpango wao wa kuinunua Figma kwa dola bilioni 20 kwa sababu wasimamizi wa ushindani wa Ulaya na Uingereza waliukazia macho, na wakalipa dola bilioni 1 kwa kuvunja ahadi. Nilimkumbusha mpwa wangu maneno yangu zaidi ya mara moja.) Mimi nilisema watachukua wenye fedha, na hapo nilipata. Mwezi Agosti ikatangazwa kwamba Avid inachukuliwa na STG, mfuko wa uwekezaji wa California, kwa thamani ya kama dola bilioni 1.4, na Novemba mambo yakawa yamekamilika.

Lakini siku ile ya simu, nikiwa bado nina joto la ubishi, nilitoka nje nikamkuta mwanamke amekaa kwenye kibaraza changu na kijana wa miaka kumi na saba hivi.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

Nilikuwa nimemsahau. Akanikumbusha: nilipiga harusi yake Kivinje, Desemba 2004. Siku hizi anakaa Mbagala, na amekuja kwao kwa ajili ya msiba wa shangazi. Baba yake, ambaye nilimfahamu vizuri, alikuwa nahodha wa mashua, mtu wa maneno machache. Alifariki mwaka 2009. Kijana aliyefuatana naye ni mdogo wake wa mwisho, aliyekuwa na miaka mitatu baba alipoondoka.

"Hakumbuki sauti ya baba," akasema. "Na siku ya harusi baba alisema maneno, aliniusia. Katika mkanda ule uliotupa hayamo, mlikata. Nikasema nije nikuulize kama yapo."

Nilimwambia kwamba mikanda ya kamera ya siku zile niliifuta na kurekodia juu yake harusi nyingine. Mkanda mmoja ulikuwa karibu na bei ya kuku wawili. Lakini kabla ya kufuta nilikuwa naingiza kila kitu katika kompyuta. Kwa hiyo yapo. Yako ndani ya ndoo ile pale, nikamwonyesha, na hayafunguki kwa sababu kampuni ilinunuliwa. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto anayedai kwamba mbwa amekula daftari lake.

Nilimwomba anipe muda. Nikaipeleka ndoo Dar es Salaam mwenyewe, kwa basi, diski zikiwa mapajani kama ile kamera ya zamani. Diski tatu ziliamka. Programu yenyewe hatukuipata popote, wala kadi. Mpwa wangu akajaribu kitu kingine: FFmpeg, programu iliyoanzishwa mwaka 2000 na Mfaransa aitwaye Fabrice Bellard, na ambayo tangu wakati huo inaendelezwa na watu wa nchi mbalimbali, maandishi yake ya ndani yakiwa wazi kwa yeyote. Haina hisa, na hakuna mlango ambao mnunuzi anaweza kubisha akafunguliwa na mwenyewe. Miongoni mwa watu hao kuna wanaotumia usiku wao kufumbua namna za kubana picha ambazo wenyewe wamezitelekeza, na mmoja wao, sijui ni nani wala yuko wapi, alikuwa amekwisha kuifumbua ile ya kadi yangu. Mpwa wangu aliandika mstari mmoja wa amri, akabonyeza. Katika kioo akatokea mtu anakuna nazi.

Picha zilifunguka. Miradi haikufunguka, na haitafunguka. Ile orodha yangu ya maagizo, nini kitangulie na nini kifuate, imebaki ni herufi zisizosomeka, na vipande vyote vimekuwa na namba badala ya majina. Vilikuwa vipande mia nane na zaidi. Nilirudi navyo Kilwa, nikakaa usiku sita nikivitazama kimoja kimoja. Niliona watu wengi waliokufa. Niliona barabara ya Kivinje kabla haijawekwa lami na nyumba ambayo ukuta wake umekwisha kuanguka. Nilimwona mke wangu akipita nyuma ya jukwaa na sahani ya pilau, mwembamba, bila kujua kama namrekodi. Usiku wa sita nikampata nahodha.

Niliwapigia simu, wakaja wote wawili wiki iliyofuata. Tukakaa mbele ya kompyuta, kijana katikati.

Baba yao amesimama ukumbini, kofia mkononi, hatazami kamera. Anamtazama binti yake. Anasema hakujiandaa. Anasema, "Yapo mawili nitakayokuusia, mwanangu. La kwanza, mkikosana wewe na mwenzio, msipelekane kwa watu kabla hamjakaa wenyewe mkasemezana. Mimi na mama yako tumekosana sana, na wewe hukujua." Watu ukumbini wanacheka kidogo. Anangoja wanyamaze. Halafu inasikika sauti ya karibu sana, kubwa kuliko yake, kwa sababu mwenye sauti ndiye aliyeshika kamera: "Mzee, samahani, mkanda umebakia dakika mbili."

Anageuka, ananitazama, anatazama kofia yake. "Basi la pili nitakwambia nyumbani," anasema, na kukaa.

Dada mtu alinyamaza kwa muda. Nikamuuliza kama alimwambia.

"Hapana. Tulisafiri asubuhi yake. Baadaye, unajua tena. Tukasahau."

Sikuwahi kusimamisha, na kipande kilichofuata kikajianza chenyewe, kwa kuwa vyote vilikuwa vimepangwa kwa namba za jinsi vilivyoingia. Ni keki. Inakatwa. Halafu muziki, watu wanatunza, akina mama wa Kivinje wanaingia mmoja mmoja kwa madaha, noti zimebanwa vidoleni. Nakumbuka vizuri sasa: wenye harusi walikuwa wakilalamika ikikosekana ngoma, na hakuna aliyewahi kulalamika yakikosekana maneno ya mzee. Nilikuwa nauwekea mkanda akiba. Chini ya kioo namba za muda zilikuwa zinahesabu, dakika ya kwanza, ya tatu, ya saba. Zilifika kumi na moja ndipo mkanda ukaisha kweli.

Dada mtu alikuwa anazitazama zile namba.

"Kumbe ulikuwa bado, Mwalimu," akasema.

"Ulikuwa bado."

Kijana hakuwa anatusikiliza. Alikuwa amesogea mbele mpaka pua yake inakaribia kioo. "Naomba urudishe nyuma," akasema. "Pale alipoanza."

Nikarudisha.